Maziwa ya Saa Tisa Usiku



Katika mikutano yenu tumewasikia mkijadili uchumba, mahari, masomo na kazi ya migodini. Hatujawasikia hata mara moja mkijadili biberoni, ile chupa ambayo ndugu zetu wa Afrika Mashariki huiita chupa ya kunyonyea. Sababu tunaielewa. Jambo hilo linaonekana kuwa la akina mama, tena la jikoni, tena la usiku. Lakini hapa Kambove ni koo chache ambazo hazijawahi kupokea mtoto aliyebaki bila ziwa la mama, na siku mtoto huyo anapofika mlangoni hakuna anayeuliza kama mpokeaji ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Kinachoulizwa ni kama anaijua kazi.

Sisi kazi hiyo tuliijua kwa kulazimika. Mwanzoni mwa kiangazi kimoja, binti wa dada yetu alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza. Alitokwa na damu nyingi, na damu hiyo haikuzuilika. Aliacha mtoto wa kike mwenye uzito wa kilo mbili na gramu mia nane, na mume wa miaka 23 anayechimba shaba kwa mkono, ambaye siku ya mazishi alisimama kando ya kaburi akiwa ameshika kanga ya mtoto, mtoto mwenyewe hayumo.

Mtoto alikuwa kifuani pa mdogo wa marehemu. Huyo alitoka Likasi akiwa na mwanawe wa miezi minane mgongoni, na alipofika msibani alimpokea yatima bila kuomba ruhusa ya mtu. Wazee wetu walifanya hivyo tangu zamani, na hadi leo hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo, mradi jambo moja litangulie: mnyonyeshaji apimwe damu, kwa kuwa virusi vya UKIMWI hupita katika maziwa. Muuguzi alisisitiza, mama mdogo akapimwa, akaonekana mzima, akanyonyesha watoto wawili kwa wiki mbili. Kisha nyumbani kwake wakamwita. Mume wake alikuwa na sababu zake, nasi hatukuwa mahakama. Likasi si mbali na Kambove, lakini kwa mtoto mchanga anayenyonya kila baada ya saa tatu ni mbali sana.

Ndivyo kopo la kwanza la maziwa ya unga lilivyoingia katika nyumba yetu, pamoja na chupa mbili, brashi ndefu na chuchu tatu za mpira.

Kabla ya kusimulia usiku wenyewe, inafaa tuseme kwamba biberoni haikuja katika nchi yetu ya shaba kwa bahati. Reli ilifika Kambove mwaka 1913, na pamoja na reli waliletwa wafanyakazi kutoka mbali, wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iligeuza mpango: ikataka mfanyakazi akae muda mrefu, aishi kambini na mke, azae watoto ambao kesho watakuwa wafanyakazi. Hapo ndipo uzazi ukawa hesabu ya kampuni. Mama mjamzito aliandikwa, mtoto alipimwa uzito mbele ya masista na wauguzi, na chakula cha nyongeza kiligawiwa ili mtoto aache ziwa mapema kuliko ilivyokuwa desturi. Kwa wazee wetu mtoto alinyonya miaka miwili au mitatu, na katika muda huo baba na mama walijitenga. Uzazi ukapata nafasi yake. Mabwana wa migodi waliona nafasi hiyo kuwa ndefu mno. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliyaeleza mambo haya mwaka 1988 katika makala yake juu ya unyonyeshaji wakati wa utawala wa Wabelgiji, na anayeisoma huku akiijua mitaa yetu ya zamani ya kampuni anatambua kwa nini baadhi ya nkambo zetu bado huhesabu maziwa ya kopo kuwa ni alama ya maendeleo.

Si alama ya maendeleo. Tunasema hivyo waziwazi, sisi tulioyatumia. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyekuwa amekwisha kufanya kazi miaka mingi katika Ghana ya leo, alisimama mbele ya wafanyabiashara wa Singapore akawaambia kwamba kuwashawishi akina mama maskini waache ziwa na kununua maziwa ya kopo ni sawa na kuua. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini ulimwengu umsikie. Tarehe 21 Mei 1981, huko Geneva, mataifa 118 yalipiga kura kukubali kanuni zinazokataza kuyatangaza maziwa hayo kwa wananchi, kuwapa akina mama kopo la bure la kuonjea, na kuweka picha ya mtoto mnene juu ya kopo. Nchi iliyopinga ni moja tu, Marekani. Basi mkiona katika duka picha ya mtoto anayecheka juu ya kopo la maziwa ya watoto wachanga, mjue kuna mtu anayecheza na kanuni.

Kwa mama aliye hai na mwenye afya, ziwa litoshe peke yake miezi sita, bila maji, bila uji, na liendelee pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Naye asione haya. Mwezi wa Januari 2014, akibatiza watoto katika kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko aliwaambia akina mama kwamba mtoto akilia kwa njaa wamnyonyeshe palepale. Tunawakumbusha hili wale wenzetu wanaogeuza shingo kwa hasira Misa ikiendelea.

Lakini mama wa mtoto wetu alikuwa kaburini. Kwa mtoto wa namna hiyo maziwa ya kopo ni chakula chenyewe. Swali lililobaki lilikuwa kuyatengeneza vipi, usiku, katika nyumba ambayo umeme huenda na kurudi upendavyo, na maji huletwa katika bidoni za manjano. Bwawa la Mwadingusha liko katika wilaya yetu hii ya Kambove, nalo limetoa umeme tangu mwaka 1930. Sisi jirani zake tunaamka na tochi ya simu.

Tulisomea ualimu, na ualimu hukufundisha kwamba kanuni isiyoelezwa sababu yake husahauliwa kabla ya kengele kulia. Kwa hiyo tulikaa na muuguzi wa kituo cha afya tukamwuliza sababu ya kila kitu, hata akacheka akasema hajawahi kupata baba mwenye maswali mengi kiasi hicho. Aliyotuambia ndiyo haya.

Unga ulio ndani ya kopo si safi kabisa, hata kopo likiwa jipya. Kiwandani hawawezi kuua kila kijidudu. Kuna bakteria mmoja aitwaye Cronobacter sakazakii, ambaye huonekana mara chache, lakini akimpata mtoto aliye chini ya miezi miwili anaweza kumwua au kumwacha na madhara ya ubongo. Kavu ndani ya unga hulala. Akipata maji ya vuguvugu huamka na kuzaana. Kwa sababu hiyo mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, pamoja na lile la Chakula na Kilimo, yalitoa mwongozo kwamba maji ya kukorogea unga yasiwe chini ya digrii 70. Makopo mengine yameandikwa maji ya vuguvugu. Muuguzi alituambia tufuate 70 kwa kuwa mtoto alikuwa mdogo na maji yetu ni ya kisima, nasi tulimfuata.

Digrii 70 ni kiasi gani? Hatukutaka kukisia. Tuliazima kipimajoto cha shule, tukafanya jaribio kama tulivyozoea kufanya na wanafunzi. Mwongozo unasema maji yaliyochemka yasikae zaidi ya nusu saa kabla ya kutumiwa, lakini nusu saa hiyo imehesabiwa kwa lita nzima. Katika baridi ya Juni, sufuria yetu ndogo yenye maji ya vikombe viwili ilishuka chini ya 70 mapema zaidi. Termosi iliyojazwa hadi mdomoni kwa maji yaliyokuwa yakitokota, kinyume chake, ilishika joto hilo kwa saa nyingi. Termosi ileile ikijazwa nusu, inapoa upesi. Tofauti hiyo ndiyo iliyotengeneza utaratibu wetu wote wa usiku, maana kuwasha mbabula saa tisa za usiku na kungoja makaa yashike, huku mtoto akilia, ni adhabu kwa nyumba nzima. Na wala msithubutu kuiingiza mbabula chumbani ili mpate joto na maji kwa pamoja. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu, nayo huua walalao.

Basi kila jioni, saa mbili, mbabula ikiwa bado nje na makaa mazuri, mama wa watoto wetu alisugua chupa na chuchu kwa brashi na sabuni, pembe zote, mpaka kwenye mikunjo ya kifuniko ambako maziwa hujificha. Kisha vyote vilizamishwa katika sufuria ya maji, hewa ikatolewa ndani ya chupa ili maji yafike kila mahali, sufuria ikafunikwa na kuchemka. Havikutolewa mpaka vihitajike. Kilichochemshwa kisha kikaanikwa juu ya meza kimechafuka tena. Sufuria ya pili ilichemsha maji ya kunywa ya mtoto, na hayo yaliingia termosi yakiwa bado yanaruka. Sisi kazi yetu ilikuwa unga. Tulikuwa na vikopo vitatu vidogo, vilivyochemshwa na kukauka kabisa, na katika kila kimoja tuliweka unga wa mlo mmoja, mkavu, na kukifunika. Mlo wa kwanza, saa tano. Wa pili, saa nane au tisa. Wa tatu, alfajiri, saa kumi na moja na nusu.

Msidhani kwamba kuhesabu unga ni jambo dogo. Kijiko kilichomo ndani ya kopo ni kipimo cha kopo hilohilo, si cha jingine. Katika kopo letu kijiko kimoja kiliendana na mililita 30 za maji. Kinajazwa bila kushindiliwa, kisha kinasawazishwa kwa mgongo wa kisu kisafi. Mtoto alihitaji kwa siku mililita 150 kwa kila kilo ya mwili wake. Kilo tatu, mililita 450. Zikigawanywa mara nane, zinakaribia 60 kwa mlo: vijiko viwili. Maji yanatangulia ndani ya chupa, kwa sababu ukitanguliza unga utasoma mstari wa 60 na kumbe maji ni pungufu. Maziwa mazito mno humkausha mtoto na kuchosha figo zake. Maziwa mepesi mno humjaza tumbo na kumwacha na njaa ndani ya mifupa.

Hapo kwenye maziwa mepesi ndipo umaskini unapoingia chumbani. Kopo la gramu 400 hutoa karibu lita tatu za maziwa. Mtoto akifika kilo nne na nusu, kopo hilo halimalizi siku tano. Kwa mwezi ni makopo saba. Hesabuni wenyewe mshahara wa mwalimu. Kila nyumba inayonunua kopo hufika usiku ambao mkono unataka kuweka kijiko kimoja na nusu badala ya viwili, ili Jumatano ifike hadi Ijumaa. Hakuna anayeona. Mtoto mwenyewe hawezi kusema, na chupa inaonekana nyeupe vilevile. Tulilijua jaribu hilo, na tuliwaita ndugu wa pande zote mbili kabla halijatushinda. Tukawawekea hesabu mbele yao, kopo kwa kopo, kama hesabu za ujenzi wa kanisa. Baba mkubwa wa mtoto alikubali makopo mawili kila mwezi, mama mdogo wa Likasi moja, jumuiya yetu moja, na baba mtoto mawili kila alipopata. Jingine lilikuwa letu. Kuna miezi hesabu ilitimia tarehe 29, kopo likiwa limefutwa mpaka chini.

Wako waliotushauri njia za mkato. Sokoni huuzwa unga wa maziwa uliofungwa katika vifuko vidogo vya plastiki, bei yake ni rahisi. Huo ni wa chai, haumtoshi mtoto mchanga, wala hakuna ajuaye ulifunguliwa lini. Maziwa mazito ya sukari ni mabaya zaidi. Nkambo mmoja tunayemheshimu alileta uji mwembamba wa mahindi wiki ya tatu, akisema sisi wote tulilelewa nao. Tulimshukuru kwa mikono miwili, uji ukanywewa na wakubwa.

Sasa tuseme habari ya usiku mmoja. Ilikuwa kumaliza matanga. Nyumba ilijaa wageni, bukari ilipikwa katika masufuria makubwa, watu walilala hata barazani. Ndugu mmoja mwenye moyo mwema, alipoona jinsi mama wa nyumba alivyochoka, aliamua kutusaidia: saa mbili za usiku alitengeneza chupa nne zilizokamilika, za kwetu na za kuazima, akazipanga juu ya meza na kuzifunika kwa kitambaa safi. Akawaambia vijana waliokesha wampe mtoto kila aliapo. Sisi tulikuwa nje pamoja na wazee. Saa tisa mtoto alipewa chupa ya tatu, maziwa ya saa saba zilizopita, yaliyokaa katika joto la chumba kilichojaa watu.

Asubuhi alihara mara nne kabla ya jua kupanda vizuri. Mchana macho yalikuwa yameingia ndani, na utosi umebonyea. Aliyewahi kushika mtoto wa namna hiyo anajua uzito unavyopungua mikononi kati ya saa na saa. Baba yake alimfunga kifuani chini ya koti, akapanda pikipiki, sisi tukafuata kwa nyingine. Pale kituoni muuguzi hakuuliza kwanza alikula nini. Aliuliza: «Maziwa yalitengenezwa saa ngapi?»

Alikaa hapo siku tatu. Alipewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ile inayoyeyushwa katika lita moja ya maji safi, kijiko baada ya kijiko, na zinki miligramu 10 kwa siku, ambayo iliendelea nyumbani hadi siku ya kumi na nne. Usiku wa pili alikataa kijiko, na baba yake akamwomba muuguzi ruhusa ya kujaribu yeye. Alikaa juu ya benchi mpaka asubuhi akidondosha maji katika ule mdomo mdogo, tone kwa tone, akihesabu kwa sauti ndogo. Sisi tuliokuwa tumekaa ukutani tulimsikia akipita mia, akianza tena moja. Kulipopambazuka mtoto alikojoa. Mtu ambaye hajangoja mkojo wa mtoto usiku kucha hawezi kujua furaha ile.

Yule ndugu hatukumlaumu, wala hadi leo hakuna anayeweza kuapa kwamba ni chupa ile. Lakini sheria iliwekwa: maziwa hukorogwa mtoto anapoamka, si kabla. Yakipita saa mbili bila kunywewa, yanamwagwa, hata yakiwa nusu chupa na kopo limebaki vijiko sita. Wenye jokofu lenye umeme wa hakika wanaweza kuweka maziwa yaliyotengenezwa na kupozwa upesi kwa muda wa siku moja. Sisi jokofu letu ni kabati la nguo tangu miaka mingi.

Kituoni tulifundishwa jambo jingine ambalo lilitushangaza: kwamba chupa yenyewe si lazima. Mtoto mchanga, hata wa siku chache, anaweza kunywa kwa kikombe kidogo. Unamkalisha wima mapajani, kikombe kinagusa mdomo wa chini, maziwa yanafika ukingoni, naye anayalamba kwa ulimi wake kama paka mdogo. Humwagii ndani, unangoja. Kikombe hakina chuchu wala mikunjo, kinaoshwa kwa maji moto na sabuni na kuonekana chote kwa macho. Wauguzi wanakipendelea kuliko biberoni katika nyumba zenye maji haba, na sisi baada ya ugonjwa ule tulihamia kikombe mchana kutwa. Usiku tuliendelea na chupa kwa muda, kwa sababu macho yenye usingizi humwaga maziwa ya makopo saba. Mwezi wa tatu kikombe kilishinda hata usiku.

Nchini Botswana maziwa ya kopo yalikuwa yakigawiwa bure kwa akina mama wenye virusi vya UKIMWI, kwa nia njema kabisa. Mvua kubwa za kuingia mwaka 2006 zilipochafua maji, kuhara kulienea, na watoto waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Wachunguzi wakaona kwamba wengi wao walikuwa hawanyonyi ziwa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama mwenye virusi ambaye anameza dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha, na huko ambako maji si salama hiyo ndiyo kinga kubwa zaidi ya mtoto. Tunayaeleza haya kwa sababu tunasikia bado, hata katika nyumba za wasomi, kwamba mama wa namna hiyo hana budi kukimbilia kopo. Aende kwanza kwa muuguzi.

Turudi kwa yule baba kijana, maana kwake tulijifunza zaidi kuliko kwa mwongozo. Mwanzoni alikuwa akija jioni, anamtazama mtoto akiwa amelala, anaondoka. Wenzake wa machimboni walimwambia kwamba mwanamume haoshi chuchu. Baada ya siku zile tatu za kituoni alikuja na mkeka wake, akautandika katika chumba cha mbele, akatuambia: «Baba, usiku wa leo nitaamka mimi.» Tulimwacha, ila hatukulala. Saa tisa tulisikia mlango, kisha maji yakinawa mikono, kisha kimya kirefu cha mtu anayesoma mstari wa chupa kwa mwanga wa tochi. Tulisikia kijiko kikigonga. Tulisikia chupa ikizungushwa ndani ya beseni la maji baridi, maana maziwa ya digrii 70 yanachoma, lazima yapozwe mpaka matone yake juu ya kifundo cha mkono yasisikike kuwa moto wala baridi. Mtoto alilia muda wote huo. Baba yake hakuharakisha. Kisha kilio kikakatika ghafla, na nyumba ikawa na sauti moja tu, ile ya kumeza.

Alimshika mkononi, hakumwegemezea chupa juu ya mto kama wafanyavyo wengine ili warudi kulala. Mtoto anayenyonya peke yake gizani anaweza kupaliwa. Alimweka begani mpaka akacheua. Yaliyobaki aliyamwaga uani, tulisikia pia.

Asubuhi tulimwuliza amekoroga vijiko vingapi. Alituonyesha kalenda ya ukutani, ambapo alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi saa, mililita na vijiko, kama vile wachimbaji wanavyoandika magunia. Kalenda hiyo iliendelea miezi mitano. Muuguzi aliiomba akawaonyeshe akina baba wengine.

Kwa hiyo tumewaomba viongozi wa kikundi chenu Jumamosi moja ya mwezi ujao, saa nane mchana, katika ukumbi wa parokia. Tutaleta mbabula, sufuria mbili, kipimajoto cha shule, kikombe kidogo na kopo tupu lenye kijiko chake. Muuguzi amekubali kuja. Wavulana wanakaa mbele.

Mtoto alipotimiza miezi sita alianza uji, kisha ndizi iliyopondwa, kisha bukari laini na mchuzi wa maharagwe, na maziwa yakaendelea katika kikombe. Mwezi wa nane baba yake alipata chumba karibu na kwa mama yake mzazi, akaja kumchukua na vitu vyake: kanga, vikopo vitatu, brashi. Termosi pia aliichukua. Tulimkumbusha kwamba hiyo ni ya kwetu, akasema atairudisha mtoto akiacha maziwa. Mtoto sasa anakimbia, na chai yetu bado tunainywa ya sufuria.